Sosi Niliyoiapia

Nilimlisha ngano mgeni ambaye ngano kwake ni maradhi. Hakuna aliyenidanganya. Mgeni aliuliza kama imo, nikamjibu haimo, kumbe imo. Nilipogundua kwamba imo, nikanyamaza. Kosa la kwanza ni la ujinga, na wewe unayesoma unaweza kulifanya kesho kwa nia njema kabisa. La pili halina nia njema yoyote ndani yake, na ndilo lililonikalisha niandike.

Nina nyumba ndogo ya wageni Raskazone, hapa Tanga. Wengi wanaolala kwangu ni watu wa semina na wenye mizigo bandarini. Mara mojamoja hutokea mtu wa kwenda mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni au Pangani. Vyumba anasafisha kijana, lakini jikoni naingia mwenyewe, na nyumba yangu inasifika kwa jiko. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mgeni mwenyewe alikuwa binti wa Mombasa. Alivuka mpaka kwa basi, Lunga Lunga hadi Horohoro, akafika jioni na begi lililolowa upande mmoja. Kichupa alichokiviringisha kwenye kanga kilikuwa kimefunguka kizibo njiani, na maji yake meusi yameenea kwenye nguo. Nilidhani ni dawa. Alikisuuza kwenye sinki akasema, "Basi dadangu, Kijapani nshakikosa mpaka nirudi kwetu." Nikacheka. Tanga hii, Kijapani kinaliwa wapi?

Hakuwa akitania. Usiku ule, mbele ya wali na samaki wa kupaka, alinieleza. Ana ugonjwa unaoitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini inayoitwa gluteni, ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike ukisukumwa. Gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba wa mtu mwenye seliaki, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Vile vijinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula huliwa vikabaki bapa, na chakula kinapita bila kuufaa mwili. Yeye alitibiwa upungufu wa damu kwa miaka mingi. Alimeza vidonge vya madini ya chuma, akapewa dawa za minyoo, akapewa za taifodi, mpaka daktari mmoja Nairobi alipoagiza kipimo cha damu, kisha kijipande cha utumbo kikachukuliwa na kutazamwa kwa hadubini. Dawa ya kuuponya hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na kuacha maana yake ni kuacha, si kupunguza. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 duniani anao, na wengi wao hawajui.

Alipenda kusimulia jinsi adui alivyojulikana. Palikuwa na daktari wa watoto Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano hata kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ilipofika njaa ya majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, mkate ukakosekana, na watoto waliokuwa wakidhoofika kwa ugonjwa huu wakapata nafuu badala ya kuzidiwa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke alitoa tasnifu yake, na shaka ikawa elimu. "Yaani mimi," alisema yule binti, "njaa ya watu ndiyo iliyonipa dawa."

Halafu akanihadithia Japani. Alikwenda huko kwa mafunzo ya kikazi, tayari akijua hali yake, na kila aliyemuaga alimwambia kwamba anakwenda kustarehe: nchi ya wali na samaki, ngano ataionea wapi? Aliionea kila mahali. Tambi za udon na rameni ni ngano. Tempura huchovywa kwenye uji wa ngano. Soba hutengenezwa kwa mbegu ambayo Kiingereza huiita buckwheat, isiyo na undugu na ngano, lakini mapishi yaliyozoeleka huchanganya sehemu nane za unga huo na mbili za ngano. Ile isiyochanganywa lazima uitafute kwa jina lake. Supu ya miso kuna ya mchele na kuna ya shayiri. Hata chai ya baridi inayowekwa mezani bure wakati wa joto mara nyingi ni ya shayiri iliyokaangwa. Sheria ya Japani inakilazimisha kiwanda kutaja ngano kwenye pakiti, lakini haikilazimishi kutaja shayiri, kwa hiyo kuijua ile alama ya ngano, ambayo aliikariri kama namba ya simu ya nyumbani, hakukumtosha. Aliishi kwa mapande ya wali wa chumvi, samaki wa kuchoma kwa chumvi, na samaki mbichi aliyemchovya kwenye sosi aliyoibeba mwenyewe mkobani. Akakipenda chakula kile kwa namna anavyopendwa mtu mgumu kumpata. Aliporudi kwao, sosi ile akaendelea kuiagiza na kutembea nayo. Ndiyo iliyomwagikia nguo.

Nilimsikiliza, lakini si kwa masikio yote. Nilikuwa nainuka kuangalia sufuria, narudi, nainuka tena. Nilichoshika ni kile kilichofanana na unga: tambi, tempura, mkate. Habari ya sosi ilinipita sikioni ikaenda zake.

Asubuhi alinipa kadi. Ameiandika kwa Kiswahili, kwa mkono, kwa ajili ya safari ya huku. Mstari wa kwanza ulisema hawezi kula ngano, shayiri wala rai, hata kidogo. Nikasema nimeelewa. Nikaibandika kwenye friji kwa sumaku. Chini ya mstari huo palikuwa na mingine: mafuta yaliyokaangiwa mandazi, mwiko uliokorogea uji wa ngano, supu iliyotiwa unga ili iwe nzito, na sosi ya soya. Hiyo sikuisoma. Niliona mimi mtu mzima, mpishi wa miaka yote, sina haja ya kusomeshwa ngano iko wapi.

Na mwanzo nilifanya vizuri, jambo lililozidi kuniharibu. Nilimpikia mkate wa kumimina kwa mchele niliousaga mwenyewe. Nilimchomea vitumbua kwenye chuma kipya, kwa mafuta mapya. Nilimpa muhogo wa nazi, ndizi mbichi za mchuzi, kolekole wa kuchoma. Alikula akashukuru, akasema hajawahi kukaa kwa watu akala bila hofu namna ile. Hapo kichwa kikavimba. Nikasema nitamfanyia Kijapani hapahapa Tanga.

Ujasiri huo nao una asili yake. Miaka ya 2000 wavuvi wetu wa jarife walianza kumnasa silikanti, yule samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa ajili yake mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kabla ya hapo walikuja Wajapani wa Aquamarine Fukushima na chombo chao cha kuzama kilindini, wakampiga picha akiwa hai kwao kwenye miamba. Wakati huo mimi nilikuwa msaidizi katika jiko la watu, na tulipata wageni wa Kijapani waliopenda kuingia jikoni kuliko kukaa mezani. Mmoja alinifundisha kukata jodari mbichi: kisu kirefu, mkono mmoja, unavuta, husukumi. Sosi walikuja nayo wenyewe. Sikuwahi kuuliza imetengenezwa kwa nini. Lakini tangu siku zile nilijihesabu kuwa najua Kijapani, na mume wangu aliyasikia hayo mpaka akachoka.

Nilipomwambia yule binti mpango wangu, uso ulimng'aa. Akasema, "Sosi utafute inayoitwa tamari, ama ilioandikwa kwamba haina gluteni. Ukiikosa usihangaike, dadangu. Chumvi na ndimu zanitosha."

Chumvi na ndimu. Vyote viwili vilikuwa kwenye rafu yangu.

Nilikwenda mjini. Dukani palikuwa na sosi ya soya ya aina moja tu. Nikamuuliza muuzaji kama ndiyo tamari, akasema hizo zote ni moja. Simlaumu, hakuwa na mgonjwa nyumbani wala kadi kwenye friji. Mbele ya chupa palikuwa na picha ya maharage ya soya na neno la kusema ni ya asili. Nikaona basi, soya ni soya. Nikalipa. Kisha nikateremka soko la samaki la Deep Sea kuchagua jodari, na huko nilikuwa makini kama hakimu: nilimfunua mashavu, nikamtazama jicho, nikamnusa, nikataka barafu zaidi kwenye ndoo. Makini yote niliyokuwa nayo siku ile niliimaliza kwa samaki.

Karatasi nyeusi za mwani wanazofungia wali sikuzipata. Nilijaribu kutumia mwani wetu, ule unaolimwa na akina mama upande wa Mkinga, nikauanika na kuubana chini ya jiwe la kusagia. Ukawa kama raba ya ndala. Ule ni mwani wa kutoa ute viwandani, si wa kukunjia wali, na paka wa jirani aliunusa akaondoka. Basi nikageukia bakuli: mchele wa Mbeya uliopikwa kwa maji mengi kidogo ili ushikane, ukatiwa ndimu, sukari na chumvi, juu yake vipande vya jodari, tango, parachichi la Lushoto na ufuta uliokaangwa. Wajapani wana pishi kama hilo, linaitwa chirashi. Lilipendeza. Sosi niliimimina kwenye kibakuli cha udongo, kwa sababu chupa ya dukani ingeharibu meza.

Hapo ndipo nilipomfungia mlango bila kujua. Chupa ingekuwa mezani, angeigeuza akasoma mwenyewe. Alikuwa na mazoea hayo, hata pakiti ya chumvi aliigeuza. Kibakuli hakina maandishi. Kilichobaki kusomwa ni uso wangu.

"Umeipata?" aliuliza.

"Nimeipata. Soya tupu hii, haina ngano."

"Hakika, dada?"

"Kula, mdogo wangu. Mimi siwezi kukulisha kitu kibaya."

Lile neno "hakika" liliniuma. Nilisikia swali lake kama shaka juu ya upishi wangu, baada ya vitumbua vyote vile. Kuuliza si ujinga, wamesema wahenga. Kuhusu kujibu hawakusema kitu, nami nikaijaza nafasi hiyo. Kwetu pwani mgeni hajibiwi "sijui". Anajibiwa kwa kutulizwa moyo, na mimi nilimtuliza moyo kwa jambo ambalo sikuwa nimelitazama. Yeye akachovya.

Nilirudi jikoni kukata tikiti. Chupa ilikuwa imechuruzika shingoni, nikachukua kitambaa niipanguse kabla ya kuirudisha kwenye rafu. Niliipangusa shingo, nikaipangusa mbele kwenye picha ya maharage, nikaigeuza nipanguse na nyuma. Maandishi yalikuwa madogo, ya Kiingereza, na si mengi. Maji, soya, ngano, chumvi. Vitu vinne. Ngano ya tatu, mbele ya chumvi.

Nilirudia kusoma, nikidhani labda lile neno lina maana nyingine nisiyoijua. Halina. Nikaivaa miwani. Miwani haikuongeza wala kupunguza kitu. Nikageuka kwenye friji, kwenye kadi, na kwa mara ya kwanza nikaisoma mpaka chini. Sosi ya soya ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, na imepigiwa mstari.

Baadaye nilijifunza namna inavyotengenezwa. Sosi ya soya ya kawaida ya Kijapani, ambayo ndiyo sehemu kubwa sana ya sosi yao yote, ni soya na ngano karibu nusu kwa nusu. Soya hupikwa kwa mvuke, ngano hukaangwa na kupondwa, vikachanganywa na kupandwa ukungu maalumu, kisha vikatiwa maji ya chumvi na kuachwa vichachuke kwa miezi. Ngano ndiyo inayoleta utamu kidogo na ile harufu. Tamari ni ya soya karibu peke yake, na hata hiyo nayo inabidi isomwe, kwa kuwa baadhi huongezwa ngano. Ukiitazama kwenye kibakuli, zote ni nyeusi. Lakini jikoni siku ile sikuyajua hayo. Nilijua vitu vinne tu.

Kutoka pale nilipokuwa nimesimama mpaka mezani ni hatua chache. Ningeweza kusema, "Acha kula, nimekosea." Maneno matatu. Badala yake nikaanza kufanya hesabu. Nikajiambia ni matone tu. Nikajiambia ameshakula nusu, kumwambia sasa kutamsaidia nini? Nikajiambia kitu kilichochachuka miezi kadhaa pengine ngano yake imekwisha nguvu. Kila hesabu ilitoka ikinipendelea mimi. Viwango vya kimataifa vinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 katika kilo nzima. Mimi nilikuwa nikipima kwa matone, kwa jicho, kwa kitu ambacho ngano ni moja ya malighafi zake kuu, na wataalamu wanawaambia wagonjwa wasiiguse sosi ya namna hiyo hata kama imechachuka.

Kisha akaniita kutoka barazani. "Dada, niongeze kidogo ile sosi."

"Imekwisha, mdogo wangu," nikasema.

Chupa ilikuwa mkononi mwangu, imejaa zaidi ya nusu. Sijui kama unaliona jambo hili kama ninavyoliona. Nilijua vya kutosha kumzuia asiongeze, na nilijali vya kutosha. Nilichokosa ni kukubali kuonekana nimekosea. Nikapeleka tikiti.

Usiku wa manane niliusikia mlango wake, kisha choo, kisha mlango tena. Nilipoingia alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, ameshika tumbo. Alikuwa ametapika na anaharisha. Akasema, "Nafikiri ni samaki. Samaki mbichi nilikula kwa pupa."

"Labda," nikasema.

Hilo "labda" ndilo neno baya kuliko yote niliyosema. Nilimtuma kijana duka la dawa, akarudi na vidonge vya kuua vijidudu vya tumbo, nami nikampelekea maji ya kunywea, nikasimama nikimwona akimeza dawa ya ugonjwa ambao nilijua hana.

Asubuhi kijana wangu alishuka Deep Sea kama kawaida, na kwa kuwa hakujua alilolijua mwajiri wake, akamwambia muuza samaki mbele za watu kwamba jodari wake amemlaza mgeni. Ilipokaribia adhuhuri muuza samaki alikuja mwenyewe mpaka getini. Hakuja kwa ugomvi. Alisema jodari yule aliwauzia watu wengine pia, amewapitia wote, hakuna aliyeumwa, lakini kama kwangu limetokea kosa yuko tayari kurudisha hela na kumpa pole mgeni. Alikuwa ameacha meza yake wakati wa biashara.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisuta nikaenda kusema kweli. Haikuwa hivyo. Dhamiri ilikuwa imenisuta usiku kucha na tulikuwa tumeelewana. Aliyenitoa ni mtu mzima aliyesimama juani getini akiomba radhi kwa kosa langu. Nilimwambia hakuwa samaki. Nikamwambia ilikuwa nini. Akanitazama, akasema, "Haya dada," akaondoka.

Nikaingia kwa mgeni na chupa mkononi. Nikamwambia. Aliichukua, akaigeuza moja kwa moja mahali panapohusika, akaisoma kwa kupepesa jicho mara moja. Nilitegemea atauliza kwa nini sikusoma. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Ulijua saa ngapi?"

"Ulipokuwa mezani."

Akanyamaza kidogo. "Basi ndiyo maana ilikwisha," akasema. Kisha: "Na zile dawa zilikuwa za nini?"

Sikuwa na jibu. Alinieleza bila kupandisha sauti kwamba makosa ya sosi ameyazoea. Yamemfika Japani, Nairobi, hata kwa mama yake mzazi. Kosa likishaingia halitoki, hakuna dawa ya kulizima. Lakini akijua, huacha kula palepale, haongezi sumu juu ya sumu. Anafuta shughuli za kesho, anakunywa maji, na analala akijua kinachomuuma ni kitu gani na kitaisha lini. Mimi nilimnyima kujua. Alikesha akiogopa kipindupindu kwenye mji wa ugenini.

Gharama ilikuwa hii. Hakupanda mashua ya visiwani. Pangani hakuiona. Siku zake za likizo zilizobaki alizimaliza chumbani, kichwa kizito, viungo vinauma, akinywa maji ya mchele aliyoyachemsha mwenyewe. Chakula changu hakukigusa tena, hata chai, na hakuomba radhi kwa hilo. Alirudi Mombasa kwa basi akiwa bado dhaifu, na nilimsikia akimsihi konda mapema kuhusu vituo vya kusimama. Pesa za chumba nilimrudishia. Alizipokea, na ni haki yake. Muuza samaki alipoteza wateja asubuhi ile. Nilikwenda Deep Sea nikasema pale pale aliposemwa kwamba jodari alikuwa mzima na kosa ni langu. Wengine walisikia, wale waliokwisha kwenda kununua kwa jirani yake hawakusikia.

Nimesema mwanzoni kwamba kosa la kwanza lilikuwa la ujinga. Nikilipitia tena naona nimejipendelea. Aliniambia kwa mdomo nikawa nachungulia sufuria. Aliniandikia nikasoma mstari mmoja. Alinipa njia nyepesi ya chumvi na ndimu nikaikataa kwa sababu haikuwa na fahari. Ujinga ni wa mtu ambaye hakuambiwa.

Kama na wewe una jiko, iwe hoteli au nyumbani tu, sikuombi ujifunze maradhi ya dunia nzima. Nakuomba uitilie shaka picha ya ngano iliyo kichwani mwako. Sisi watu wa pwani tukisikia ngano tunaona chapati, mahamri, sambusa na kaimati. Hatuioni kwenye supu ya pweza iliyotiwa unga ili iwe nzito. Hatuioni kwenye chenga za mkate zilizoviringishiwa katlesi, kwenye urojo, wala kwenye viungo vya pakiti. Hatuioni kwenye mafuta ya chipsi ambayo asubuhi yalikaanga mandazi. Hata kitumbua, ambacho asili yake ni mchele mtupu, siku hizi wapo wanaokiongezea unga wa ngano ili kishikane, na ukimuuliza atakwambia ni cha mchele, na hatakuwa anadanganya kwa anavyoona yeye.

Kwangu yamebadilika mambo machache. Chupa zinakaa mezani na maandishi yake, meza ipendeze isipendeze. Kadi ya mgeni naisoma mpaka chini mbele yake, kwa sauti. Lililo gumu ni kujibu "sijui". Juzi aliingia mtu wa semina akauliza kama mchuzi wangu una karanga. Mdomo ulikwisha funguka kusema hauna. Nikaufunga, nikamwambia sijui, viungo vile nilinunua vimeshasagwa, angoje nikatazame. Akanitazama kama mpishi asiyejua chungu chake, akachukua mkoba akaenda kula kwingine. Nilikosa hela ya chakula cha mchana. Pakiti niliitazama baadaye: karanga zimo.